KIFUA CHA MFANYAKAZI KIPEWE JINA LAKE



Katika ofisi za matawi yetu kuna neno tunalolisikia mara nyingi, nalo ni hili: "Nina kifua." Mkata mawe husema ana kifua. Mtu wa simenti husema ana kifua. Mama wa kiwanda cha pamba, fundi abomoaye paa za zamani za asbesto, kijana atoboaye mwamba katika mgodi wa dhahabu, wote husema neno hilo hilo. Lakini kifua si jina la ugonjwa. Kifua ni mahali ugonjwa ulipokaa. Dereva akimwambia fundi, "Nina gari," fundi hawezi kushika spana. Atauliza: ni injini, ni giaboksi, au ni betri? Kisha atafungua boneti atazame.

Maoni yetu ni haya. Kila mfanyakazi mwenye ugonjwa wa kifua ana haki ya kuambiwa ni ugonjwa gani, na umefika wapi, kwa ushahidi, angali hai na angali kazini. Vyombo vya kuupata ushahidi huo vipo. Yatupasa tuvijue, tusiviogope bure, wala tusikubali vitumiwe vibaya juu ya miili yetu.

KWA NINI JINA LINA THAMANI

Kifua kikuu hukohoza. Silikosisi, yaani ugonjwa wa vumbi la mawe, hukohoza. Kansa ya mapafu hukohoza. Yote hukondesha mtu na kumkata pumzi. Kwa nje yafanana kama ndugu wa tumbo moja, lakini dawa zake si moja. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na mgonjwa hupona akimaliza dawa zake. Silikosisi haina dawa ya kuiponya, lakini mtu akiondolewa kwenye vumbi mapema aweza kuokoa pumzi iliyobaki. Kansa ikikutwa ingali ndogo yaweza kukatwa na kutolewa. Ikichelewa, mlango huo hufungwa.

Tena magonjwa haya hupandana. Vumbi la silika hulifungulia mlango vijidudu vya kifua kikuu, hata mkata mawe mmoja aweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Nchi yetu ina kifua kikuu kingi, na daktari aanzaye kwa kupima makohozi afanya sawa. Hatumlaumu. Kosa lipo pale ambapo makohozi yamepimwa hayana kitu, dawa zimemezwa na hazikusaidia, mtu azidi kukonda, na bado anarudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Miezi hiyo inayopotea ndiyo uhai wenyewe. Hapo mfanyakazi ana ruhusa kuuliza kwa heshima: "Daktari, hatua ya pili ni ipi?"

Jina lina thamani kwa mwajiri pia, ingawa kwa njia nyingine. Ugonjwa usipokuwa na jina, mwajiri husema: huyu ni sigara zake, huyu ni baridi ya asubuhi, huyu ni ukoo wao. Ukipata jina la silikosisi, maneno hayo yote huanguka, kwa sababu silikosisi haitoki kwenye sigara wala baridi. Hutoka kwenye vumbi la silika tu. Na mesotelioma, kansa ya utando unaofunika mapafu, mara nyingi hutoka kwenye asbesto, hata ikiwa mtu aliivuta miaka 20, 30 au 40 iliyopita. Basi kipande cha karatasi kutoka maabara chaweza kumsemea mfanyakazi kuliko mawakili kumi.

VYOMBO VYENYEWE

Wengi wetu tukisikia "kupimwa ndani ya kifua" twadhani ni kupasuliwa kutoka mgongoni hadi tumboni. Zamani haikuwa mbali na hivyo. Siku hizi madaktari huanza na kidogo, na huenda kwa kikubwa pale kidogo kilipokosa jibu.

Kwanza kuna maswali, makohozi na picha ya eksirei. Yakihitajika zaidi, kuna skani ya CT, ambayo huonyesha kifua kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Lakini picha ni kivuli. Huonyesha kuwa pana uvimbe. Mara nyingi haiwezi kuapa kuwa uvimbe huo ni kansa au ni kovu la TB. Ndipo hutakiwa kipande chenyewe kikatazamwe maabara.

Pili kuna mrija wa kuingia njia ya pumzi. Kazi hii ilianza mwaka 1897 huko Freiburg, Ujerumani, ambapo daktari Gustav Killian aliingiza bomba la chuma kooni mwa mkulima akamtoa kipande cha mfupa kilichokwama. Bomba lile lilikuwa gumu. Katika miaka ya 1960 Shigeto Ikeda wa Japani alileta mrija mwembamba unaopinda, wenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Leo mrija huo una kamera. Mgonjwa hukaa bila kula kwa saa kadhaa, koo hutiwa dawa ya ganzi, naye hupewa dawa ya kumtuliza. Mrija hupita puani au mdomoni hadi kwenye matawi ya mapafu. Daktari hutazama, huosha, na huchukua vipande vidogo kama punje. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Tatu kuna sindano. Uvimbe ukiwa pembeni karibu na mbavu, daktari huongozwa na skani akapitisha sindano kati ya mbavu. Yakiwa ni maji yaliyojaa kifuani, huyavuta yakapimwa. Na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kuna mrija wenye altrasaundi kwenye ncha yake, ambao huziona tezi zilizo nje ya njia ya pumzi, na sindano ikazichoma kutoka ndani, bila kovu lolote juu ya ngozi.

Nne kuna tundu dogo. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus wa Stockholm, Sweden, alieleza jinsi ya kutazama ndani ya kifua kwa chombo kilichopitishwa tundu dogo kati ya mbavu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kazi hiyo hufanywa kwa kamera na televisheni: tundu moja, mawili au matatu, na daktari akafanya kazi akitazama kioo. Ndiyo njia nzuri pale ambapo maji ya kifuani yamepimwa na hayakusema kitu, kwa maana daktari huuona utando kwa macho na kukata pale penye dalili. Kwa mesotelioma jambo hili ni kubwa, kwa sababu maji peke yake mara nyingi hayatoshi kuithibitisha. Vilevile kuna mkato mdogo juu ya mfupa wa kidari, chini ya koo, ambao Eric Carlens wa Sweden aliueleza mwaka 1959, wa kuzifikia tezi zilizo katikati ya kifua. Huo hufanywa mtu akiwa amelala kwa nusukaputi.

Mwisho kabisa ndipo kuna kisu kikubwa cha kufungua mbavu.

Hatusemi vyombo hivi havina hatari. Sindano ya mbavuni yaweza kuvujisha pafu, na mtu akawekewa bomba siku chache. Kipande kikikatwa, damu yaweza kutoka. Kwa hiyo mgonjwa amwambie daktari kama anameza dawa za kuifanya damu nyepesi, kama ana pumu, na kama ana shida ya moyo. Lakini maneno ya mtaani kwamba kansa ikiguswa na kisu "hupigwa na upepo" ikaenea, hayo si kweli. Wengi waliokufa baada ya kupimwa walifika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea. Mficha maradhi, kilio humfichua.

UMEFIKA WAPI?

Ugonjwa ukishapata jina, bado kuna swali la pili, nalo husahauliwa sana: umefika wapi? Kwa kansa ya mapafu madaktari hupima mambo matatu: ukubwa wa uvimbe wenyewe, tezi zilizoguswa, na kama umeruka mbali hadi kwenye ini, mifupa au ubongo. Kutoka hapo hupata hatua, ya 1 mpaka ya 4.

Tezi ndizo mlinzi wa lango. Zikiwa safi, kukata kwaweza kuponya. Uvimbe ukiwa pafu la kulia na kansa imeshafika tezi za upande wa kushoto, kulikata pafu hakuleti faida. Mgonjwa hutibiwa kwa dawa na miale. Picha peke yake hukosea hapa. Tezi yaweza kuvimba kwa sababu ya TB ya zamani au vumbi la kazi, ikaonekana kama kansa, na mtu akanyimwa upasuaji ambao ungemponya. Nyingine yaweza kuonekana ndogo na safi, kumbe ina kansa, na mtu akafunguliwa kifua bure. Kwetu wenye vumbi na TB, jambo hili latuhusu kuliko watu wa maofisini.

Upo ushahidi wa hesabu. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 241. Kundi moja lilipimwa tezi kwa mkato peke yake. Kundi la pili lilianza kwa mirija ya altrasaundi, na mkato ukafuata pale mirija haikuona kansa. Katika kundi la kwanza, waliofunguliwa kifua bila faida walikuwa 18 katika kila 100. Katika kundi la pili walikuwa 7 katika kila 100. Mfanyakazi aliyefunguliwa mbavu hukaa nyumbani muda mrefu, na mara nyingi hana malipo. Basi hesabu hiyo si ya madaktari tu. Ni ya mishahara, karo za shule na kodi ya nyumba.

USHAHIDI USINGOJE KABURI

Tutazame Afrika Kusini, ambako vumbi la migodi limeua watu wengi. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner, mchunguzi wa vipande vya mwili, pamoja na wenzake wawili, walitangaza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma. Wengi walitoka sehemu za Cape zilizochimbwa asbesto ya buluu. Baadhi yao hawakupata kufanya kazi mgodini. Waliishi jirani tu. Kabla ya hapo watu wa namna hiyo walidhaniwa kuwa na TB au ugonjwa mwingine. Ni vipande vya utando chini ya darubini vilivyofumbua macho ya dunia.

Nchi hiyo hiyo ina sheria ya mwaka 1973 ya magonjwa ya migodini. Kwa sheria hiyo, mchimba migodi akifa, jamaa wakikubali, moyo na mapafu yake hutolewa yakapelekwa Johannesburg kuchunguzwa, ili ijulikane kama familia yastahili fidia. Ni jambo jema kwa wajane, wala hatulidharau. Lakini fikirini, ndugu: mtu aliyekohoa miaka yote aja kupewa jina la ugonjwa wake akiwa maiti! Fidia hiyo haikumnunulia hata siku moja ya kupumua.

Tena mwezi Julai 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ya rand bilioni 5 kati ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji wenye silikosisi na TB. Malipo hayakuwa sawa kwa wote. Mwenye silikosisi ya daraja la kwanza aliwekewa rand 70,000. Wa daraja la tatu, rand 250,000. Hapo mnaona wenyewe kuwa kupima ugonjwa umefika wapi si jambo la hospitali peke yake. Asiyepimwa sawasawa hupunjwa sawasawa.

TUSIKATWE KWA KUMPENDEZA WAKILI

Sasa twasema upande wa pili, maana tusipousema tutakuwa tumewadanganya. Si kila kifua kinachohitaji mrija au kisu. Silikosisi kwa kawaida huthibitishwa kwa mambo mawili: historia ya kazi ya mtu, na picha ya eksirei inayosomwa kwa kufuata vipimo vya Shirika la Kazi Duniani. Historia ikiwa wazi na picha ikiwa wazi, hakuna sababu ya kukata pafu la mtu. Pafu lenye silikosisi limekwisha choka. Kulikata bila haja ni kumwongezea mzigo.

Kwa hiyo mwajiri au kampuni ya bima ikisema, "Hatuamini eksirei, leteni kipande cha pafu," chama kikatae. Kipande hutolewa kwa faida ya mgonjwa, pale ambapo matibabu yake yangebadilika kwa jibu hilo: kama kuna shaka ya kansa, au ugonjwa hauelekei kufanana na ule wa vumbi. Hakitolewi kumaliza ubishi wa watu walioketi ofisini. Mwili wa mfanyakazi si karatasi ya kupigwa mhuri.

Jambo hili ndilo laonyesha thamani ya daftari. Mwenye kumbukumbu ya miaka yake, mahali alipofanya kazi, vumbi gani, kwa barakoa au bila barakoa, ameshika nusu ya ushahidi mkononi mwake. Asiye nayo, kesho mwajiri atasema hamjui.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 na ile ya Fidia za Kazini ya mwaka huo huo ndizo ngao zetu. Ugonjwa uliotokana na kazi huhesabiwa kama ajali ya kazini. Kanuni za uchunguzi wa afya za mwaka 2005 zataka wafanyakazi wa kazi zenye hatari zilizotajwa wapimwe wanapoanza, wakiwa kazini, na wanapoondoka, kwa gharama ya mwajiri. Mwezi Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kuwa Sheria ya Fidia ni halali, kwa hiyo madai yetu huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mkurugenzi hupokea karatasi za daktari, wala hawezi kufanya kazi na neno "kifua." Na sheria ina muda wake, anayekawia kutafuta jina la ugonjwa aweza kukuta mlango umefungwa.

Pia kila mwezi twakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 za mshahara kwa bima ya afya, iliyochukua mahali pa ile ya zamani tangu Oktoba 2024. Fedha hizo ni jasho letu. Mirija ya kifua na madaktari waijuao ziko zaidi katika hospitali kubwa za mijini, na mkata mawe wa mbali hulala njiani akienda kuzitafuta. Twauliza: je, aliyekatwa fedha sawa na mtu wa Nairobi hastahili kupimwa sawa naye?

MADAI YETU

Katika mapatano yajayo na waajiri, twataka chama kisimamie mambo haya:

1. Mfanyakazi wa kazi ya vumbi apigwe eksirei na kupimwa nguvu ya pumzi anapoanza kazi, kila baada ya muda uliopatanwa, na anapoondoka.

2. Akiambiwa aende kwa mrija, sindano au upasuaji wa kupimwa, apewe likizo yenye malipo, na nauli, na asiachishwe kazi wakati jibu likingojewa.

3. Nakala ya majibu yote apewe yeye mwenyewe mkononi. Isikae kwenye kabati la ofisi ya mwajiri peke yake.

4. Akionekana na ugonjwa wa vumbi, apewe kazi nyingine isiyo na vumbi bila kupunguziwa mshahara.

5. Serikali isambaze vyombo na madaktari wa kifua hadi hospitali za kaunti zenye migodi, machimbo na viwanda.

Na wewe mwanachama, una kazi yako. Mwambie daktari kazi yako yote tangu ujana, hata ile uliyoacha miaka 30 iliyopita. Asipouliza, mwambie hata hivyo. Ukiambiwa utachukuliwa kipande, uliza maswali manne: Mnatafuta nini? Je, iko njia ndogo zaidi ya kukipata? Hatari yake ni ipi? Jibu litabadilisha nini katika matibabu yangu? Uliza pia kama kipande kitapimwa TB pamoja na kansa, kwa maana kipande cha kutafuta vijidudu vya TB huwekwa mbali na dawa ya kuhifadhi itumikayo kwa kile cha kansa; vyote vikitiwa chupa moja, nafasi ya kuviotesha vijidudu hivyo imepotea. Na siku ya majibu ikifika, nenda. Wako watu waliopimwa, wakaogopa jibu, na karatasi zao zikakaa hospitali mpaka leo.

Mabwana waajiri watasema haya yote ni ghali. Sisi twajua bei ya mashini zao. Mashini moja ikianza kutoa mlio usio wa kawaida, fundi huitwa siku hiyo hiyo, hufunguliwa, hutazamwa, na kifaa kibovu hutajwa kwa jina na namba yake. Hakuna mwajiri awezaye kuandika katika daftari lake, "Mashini ina kifua," akaenda kulala. Hatuombi zaidi ya hapo. Twaomba mtu afanyiwe kama mashini inavyofanyiwa.

Matawi yajadili madai haya katika mikutano yao na kuleta maoni kwa katibu.

Umoja ni nguvu.